Mwongozo wa kuanza timu BuzzerBeater: hesabu dakika kabla hujahesabu hela

Wiki iliyopita kuna dogo wa hapa Majengo alikuja dukani kutoa kopi za vyeti, akakuta nimefungua BuzzerBeater, ile gemu ya mtandaoni ya kuendesha timu ya mpira wa kikapu, kwenye kompyuta, akasema braza na mimi nina timu humo nimeanza juzi ila hela imeisha. Nikamwambia hebu ingia tuone. Kanunua senta (yule mrefu wa chini ya ringi) mmoja wa miaka 32, mzuri kweli, ila mshahara wake peke yake unakula karibu nusu ya kinachoingia kwa wiki na wachezaji waliobaki ni walewale aliopewa siku anajisajili. Nilikaa naye saa nzima, kwasababu msimu wangu wa kwanza nilifanya hivohivo, nilinunua mtu mzima mwenye jina kubwa na mwisho wa msimu nikamuuza kwa hela ya nauli. Nilimuahidi ntamuandikia kila kitu kwa utaratibu, nikaona niandike kwa ajili ya yeyote anayeanza, maana maelezo ya hii gemu kwa Kiswahili sijayakuta.

Kwanza uelewe ni gemu ya aina gani. Humu hushiki mpira. Hakuna kubonyeza vitufe ili mtu arushe, wewe ni meneja, unapanga kikosi, unachagua mazoezi, unanunua na kuuza, unajenga uwanja, alafu mechi inajicheza yenyewe saa yake ikifika uwe umeamka au umelala. Ni bure, ukilipia unapata nyongeza za kuangalia na kupanga vitu vizuri ila timu yako haiwi na nguvu kuliko ya asiyelipa. Na kwa sisi wa bando, kurasa zake ni maandishi na namba tu, hazili kama video, mimi kuna wiki nzima naendesha timu kwa simu nikiwa kwenye daladala za Kiboriloni.

Ligi moja ina timu 16, zimegawanywa makundi mawili ya 8. Msimu ni wiki 14, mechi za kawaida 22, nne za juu kila kundi zinaenda mtoano. Baadhi ya timu utakazokutana nazo huku chini zinaendeshwa na kompyuta, hazina mwenyewe, kwaiyo usiogope, una muda wa kujifunza bila kupigwa kila siku.

HATUA YA KWANZA: USINUNUE MTU

Nasema kweli, wiki mbili za mwanzo usiguse mnada wa wachezaji kabisa. Fungua kila mchezaji uliyepewa, andika umri, urefu, na skili zake. Kuna skili kumi kuu na mbili za pembeni. Kuu ni kurusha, umbali wa kurusha, ulinzi wa nje, kumiliki mpira, kupenya, pasi, kufunga ndani, ulinzi wa ndani, ribaundi (kudaka mpira uliokosa ringi) na kublok (kuzuia mtupo wa mpinzani). Za pembeni ni pumzi na mitupo ya faulo. Gemu inaonyesha kiwango kwa maneno, mara dhaifu mara wastani mara gwiji, lakini kila neno lina namba yake kuanzia 1 mpaka 20, na wewe jizoeze kufikiria kwa namba. Wachezaji wako wa mwanzo wengi watakuwa chini ya 7 karibu kila kitu, hiyo ni kawaida.

Kitu kingine cha kuangalia ni dari ya kipaji, yaani mwisho wa mtu kukua. Kila mchezaji ana dari na inaonekana kwenye ukurasa wake. Mwenye dari fupi akishaifikia hata umfundishe mwaka mzima hasogei, au anasogea kwa kunyata sana. Mtu wa miaka 18 mwenye dari ndefu na skili mbovu ana thamani kwako kuliko mtu wa 29 ambaye leo anafunga pointi 20. Hii ndio inawashinda wengi, kwasababu macho yanaenda kwa anayefunga.

HATUA YA PILI, NA HAPA NDIO PENYEWE: DAKIKA

Nitakaa hapa muda mrefu maana ukielewa hiki kipande mengine yote yanajipanga.

Mechi moja ni dakika 48. Uwanjani wako watano (pointi gadi na shuting gadi wa nje, smol fowadi wa kati, pawa fowadi na senta wa ndani), kwaiyo timu ina dakika 240 za kugawa kwa mechi moja. Kwa wiki unacheza mechi tatu, mbili za ligi Jumanne na Jumamosi, na moja katikati ya wiki, ya kombe au ya kirafiki kama umeshatolewa. Mara tatu unapata dakika 720. Hiyo ndio mali yako ya wiki na ikipita haikusubiri.

Dakika zinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni mazoezi. Kila wiki unachagua aina moja tu ya mazoezi, mfano pasi au ribaundi, na unachagua nafasi itakayofundishwa, mfano pointi gadi peke yake, au gadi zote mbili, au timu nzima. Mchezaji anafundishika kwa dakika alizocheza kwenye NAFASI HIYO wiki hiyo, na akifikisha 48 kapata zoezi kamili. Akicheza 30 kapata pungufu. Akicheza sifuri, au kacheza dakika 90 lakini kwenye nafasi nyingine, hakuna alichopata. Ukifundisha nafasi moja mazoezi yanakuwa na nguvu sana ila watu wachache, ukifundisha timu nzima kila mtu anapata kidogo mpaka huoni tofauti.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Nafasi moja, mechi tatu, dakika 48 kila mechi, unapata watu watatu wa zoezi kamili. Nafasi mbili, watu sita lakini kila mmoja anakua taratibu zaidi. Mimi anayeanza namshauri watatu, basi.

Aliyelelewa kwenye kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani, hili haliwezi kumpa shida. Shina la mgomba ukiliacha litoe machipukizi yote, yanatoka manane kumi, yanagombania mbolea ileile na mwisho unakata mikungu midogo isiyo na mnunuzi. Babu alikuwa anapita na panga anaacha matatu tu: mama aliyebeba mkungu, mtoto anayemfuata, na mjukuu aliyechomoza juzi. Timu yako ipange hivohivo. Mmoja wa miaka 21 au 22 ambaye anakaribia kuwa tegemeo, mmoja wa 20, na mmoja wa 18 ambaye sahivi hana msaada wowote uwanjani. Yule mkubwa akikomaa unamwacha acheze au unamuuza, wa kati anapanda, unatafuta mjukuu mwingine. Wengine wanachukua wote watatu wa miaka 18 ili wakue pamoja, sio vibaya, ila utavumilia misimu kadhaa ya kufungwa na anayeanza huwa anakata tamaa kabla hawajaiva.

Kazi ya pili ya dakika ni fomu. Fomu ya mchezaji inapanda na kushuka kila wiki kutokana na dakika zote alizocheza, nafasi yoyote. Akicheza chache sana inashuka, akicheza nyingi sana pia inashuka. Kati ya 55 na 75 hivi ndio pazuri, mimi nalenga 65. Chukua zile 720 gawa kwa watu 11, inakuja 65 na kitu. Kwaiyo timu ya watu 11 au 12 inatosha kabisa, na wale uliopewa mwanzoni wengine wanakula mshahara na hakuna dakika za kuwapa. Hao ndio wa kuanza kuwaachia.

Ngoja nionyeshe wiki moja kama ilivyo kwenye daftari langu, lile kaunta buku, nimechora mistari: jina, Jumamosi, Jumanne, katikati ya wiki, jumla. Wiki ya mazoezi inaisha Ijumaa, ndipo mazoezi yanahesabiwa, kwaiyo wiki mpya inaanzia na mechi ya Jumamosi. Hili nalo wengi wanapishana nalo, wanapanga kuanzia Jumatatu wanashangaa hesabu haziji.

Wiki hiyo nafundisha pasi kwa pointi gadi. Jumamosi kijana wa kwanza kacheza pointi gadi dakika 48 zote. Jumanne wa pili 48. Katikati ya wiki, mechi ya kirafiki isiyo na hasara, wa tatu ambaye ni mbovu kuliko wote kacheza 48. Mpaka hapo kila mmoja ana zoezi kamili lakini ana 48 tu kwa fomu, zimepungua. Kwaiyo nawatafutia dakika 15 mpaka 20 kila mmoja kwenye mechi nyingine, akitokea benchi kama shuting gadi au smol fowadi. 48 na 17, 65. Wale wengine nane wanagawana zilizobaki, anayeanza Jumamosi kwa dakika 35 na Jumanne 30, tayari kafika.

Ili mtu acheze 48 kweli, kwenye ukurasa wa kupanga kikosi mweke yeye yeye kwenye kuanza, kwenye akiba na kwenye akiba ya pili ya nafasi ileile, alafu kocha umwambie afuate mpangilio wako bila kubadili. Ukimwachia kocha ajiamulie atamtoa yule kijana mara tu akianza kuharibu, na kijana wa miaka 18 lazima aharibu. Kuna hatari mbili, akifikisha faulo sita anatoka, na akiumia anatoka. Ikitokea hivo Jumamosi usikasirike, bado una mechi mbili za kumfidia.

NANI AFUNDISHWE NINI

Umri mdogo unashika haraka, hilo ni moja. La pili urefu. Warefu wanashika haraka mambo ya ndani, ribaundi, kufunga ndani, kublok. Wafupi wanashika haraka mambo ya nje, kumiliki mpira, pasi, ulinzi wa nje. Ukichukua jitu la sentimita 213 ukaanza kulifundisha kumiliki mpira utasubiri sana. Lakini, na hapa naomba unisikilize, usimfundishe mrefu mambo ya ndani tu. Mshahara wa mchezaji unapangwa kutokana na skili zake na unapigwa upya kila msimu unapoanza, na senta mwenye ulinzi wa ndani, ribaundi na kufunga ndani za juu sana huku mengine yote ni 3, mshahara wake unaruka mpaka unashindwa kumtunza. Mwenzake mwenye namba za ndani chini kidogo lakini ana pasi na kumiliki mpira za kueleweka analipwa kidogo zaidi, hapotezi mipira hovyo, na anakusaidia zaidi. Vilevile gadi mwenye ulinzi wa ndani kidogo ni lulu.

Tatizo ni kwamba ili gadi afundishwe ulinzi wa ndani inabidi acheze kama senta. Ndio, mtu wa sentimita 190 anasimama chini ya ringi anapigwa. Unafanya hivo kwenye mechi na timu za kompyuta, au za kirafiki, au Jumanne ukiwa na mpinzani dhaifu. Ukiogopa kupoteza mechi moja moja hutafundisha kitu.

Kwa kuanza kama una kijana mzuri mfupi, anza na ulinzi wa nje na pasi, zile za pointi gadi peke yake zinaenda kwa kasi. Kurusha njoo nako baadaye. Kublok usijisumbue nako mwanzoni.

Kocha wa mazoezi: wapo ngazi 1 mpaka 7. Ngazi ya 4 inatosha kwa anayeanza, angalia mshahara wake kwanza maana wapo wa ngazi moja wanatofautiana mshahara na mshahara wao unapanda kadiri wanavyokaa. Mtu wa matangazo na daktari wachukue wa bei ya chini, utawabadilisha ukiwa na uwezo.

HELA

Mahesabu yanapigwa Jumatatu. Kinachoingia ni tiketi, jezi na vitu vya timu, na mkataba wa televisheni, kinachotoka ni mishahara ya wachezaji na ya wafanyakazi. Kabla hujafanya lolote fungua ukurasa wa uchumi ujue kila wiki unabakiwa na ngapi ukiwa na mechi ya nyumbani na ngapi ukiwa huna. Ukikuta wiki ya ugenini unaingia hasi sio tatizo, ila ukijumlisha wiki mbili ukiwa bado hasi, punguza watu leo.

Hela ya mwanzo uliyopewa iweke kwenye uwanja. Najua haivutii, mtu anataka staa, lakini uwanja hauzeeki. Viti viko aina nne, vya bei ya chini kama ule mzunguko wa pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, vya jukwaa, vya kandokando ya sakafu, na vile vya kifalme vya VIP. Anza na kuongeza mzunguko na jukwaa. Kila baada ya mechi ya nyumbani angalia zipi zimejaa: kama mzunguko umejaa mechi tatu mfululizo, pandisha bei kidogo, usipandishe kwa fujo. Kama nusu ni tupu, bei yako imezidi au timu inafungwa sana, mashabiki wanaangalia yote mawili.

Kununua sasa. Soko ni mnada, unaweka dau, na ukiweka dakika za mwisho muda unaongezwa ili wengine wajibu, kwaiyo ujanja wa kuvizia sekunde ya mwisho haupo humu. Ujanja uliopo ni kujua bei. Chukua skili, umri na nafasi ya unayemtaka, tafuta wa kufanana naye waliouzwa karibuni, andika bei tatu nne, hiyo ndio bei yake na usipite. Ukiona watu wawili wanashindana na bei imepita ya daftari lako, funga ukurasa nenda kale, wapo wengine kesho. Na usinunue ili uuze wiki ijayo, ukimuuza mtu ambaye umekaa naye siku chache gemu inakata sehemu kubwa ya hela.

Umri mzuri wa kununua mtu wa kukusaidia leo ni 27 mpaka 29, bei imeanza kushuka na bado ana misimu kadhaa. Wa 32 ni mzigo, skili zitaanza kuporomoka na hakuna wa kumnunua.

DRAFTI

Mwisho wa msimu kuna drafti, yaani timu zinachagua vijana wapya kwa zamu, raundi tatu, wachezaji 48 wa miaka 18 na 19. Unaweza kutumia hela kila wiki kupeleleza vijana, fanya kama una nafasi, kama huna acha. Ukipata mmoja wa kufundishika umebahatika. Huku Bongo ukitaja drafti mtu anamkumbuka Hasheem Thabeet, na ni haki, 2009 alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kufika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Mwaka huohuo Stephen Curry, aliyekuja kuwa staa mkubwa wa kurusha, alichaguliwa wa 7. Waliochagua walikuwa na wataalamu na video, wewe unachagua kwa namba chache zilizofichwa nusu, kwaiyo angalia umri na dari kwanza, urefu baadaye, na usijilaumu.

MECHI YENYEWE

Mbinu nitapita haraka maana kwa anayeanza kikosi ni muhimu kuliko mbinu. Angalia wafungaji wako wako wapi. Kama wazuri wako ni senta na pawa fowadi, chagua mbinu ya kupeleka mpira ndani. Kama ni gadi warushaji, zile za nje. Kama hujui, ile ya kawaida. Ulinzi, mtu kwa mtu karibu siku zote, zoni 2-3 (kila mtu analinda eneo lake, wawili mbele watatu nyuma) kama mpinzani ana majitu ya ndani na hana warushaji, zoni 3-2 kinyume chake. Fungua mechi zake tano za nyuma uone anachezaje, wengi hawabadiliki.

Kuna kitu kinaitwa morali ya timu, na kila mechi unachagua kama mcheze taratibu, kawaida, au kufa na kupona. Taratibu inapandisha morali, kufa na kupona inaishusha. Kwa timu za kompyuta na ugenini kwa vigogo nenda taratibu. Kufa na kupona ihifadhi kwa mechi mbili tatu za msimu zenye maana, mtoano au ile ya kujinusuru kushuka.

Yule dogo alirudi juzi. Senta kamuuza, kapata chini ya alichonunulia, ila mshahara umeondoka. Kaachia watu watano, kabakiza 12, kanunua kijana wa miaka 18 wa sentimita 188 mwenye dari ndefu kwa hela ndogo sana. Nikamkatia karatasi mbili kutoka kwenye kaunta buku langu, akachora mistari mwenyewe pale kaunta, na kwenye mstari wa kwanza akaandika jina la kijana na mbele yake, Jumamosi, pointi gadi, 48.